Sketi ya Shanga ya Mama Paulo

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo uso unaniwaka kwa aibu. Nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwetu, Nangara, nimeshika mkasi wa baba yangu, ule mkubwa wa kukatia suti, na mbele yangu sakafuni nimetandaza sketi ya ngozi ambayo haikuwa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Niliangalia mlangoni mara moja, kisha nikakata.

Nitakueleza yote, maana umekuja na swali. Umesema umepata chumba kule Singe, unataka kupaka ukuta mmoja rangi ya zambarau, na wenzako wanakucheka. Umesema pia kwamba nguo unazopenda kuvaa si zile wanazovaa wao, na unaogopa kuwakaribisha kwako. Unauliza kama una kasoro. Mimi majibu mafupi siyawezi, unanijua. Kaa, mimina chai, nisikilize.

Nilizaliwa hapa hapa mjini Babati. Baba yangu alikuwa fundi cherehani sokoni, na vipande vyote vilivyobaki kwenye nguo za wateja vilikuwa vyangu. Nilikua nimevaa magauni ya vipande, mkono mmoja wa maua, mwingine wa mistari. Watoto shuleni walinicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu wakaanza kuwaomba mama zao. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba jicho langu linaona rangi kwa namna yake, na sikuona sababu ya kulificha.

Nikaolewa na Paulo, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole wa Kiiraqw. Baba yake alikuwa amefariki kule milimani Mbulu, na mama yake akahamia Babati kuishi karibu na kanisa na hospitali. Nyumba ya Nangara ilikuwa ya mama huyo. Sisi tulimwita Mama, na majirani walimwita Mama Paulo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, anayeamka kabla ya jogoo na kwenda kupalilia mahindi yake nyuma ya nyumba. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno analipima kwanza kabla ya kulitoa. Hakuwahi kunikaripia. Hata siku nilipotoa vile vitambaa vyeupe vya kufumwa kwenye makochi, vile ambavyo kila nyumba ya mji huu ilikuwa navyo, aliviangalia mikononi mwangu, akauliza tu, "Vimechafuka?" Nikamwambia hapana, sivipendi. Akasema, "Basi nipe mimi, nitafunikia maziwa."

Sasa, miaka ile ndipo mkoa wetu wa Manyara ulipozaliwa, na Babati ikawa makao makuu. Hukuwepo, huwezi kujua mji ulivyochangamka. Mji uliokuwa wa kusimama tu basi la Singida linapopita ukaanza kujaa maofisa kutoka Arusha, Dodoma, na Dar es Salaam. Wake zao walikuja na makochi ya ngozi, makabati ya vioo, mapazia mazito yenye pindo za dhahabu. Wakaanzisha kikundi cha kutembeleana: kila mwezi wanakutana kwa mmoja wao mchana, wanakula, wanazungumza, wanaangaliana nyumba. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Grace, mwanamke mchangamfu ambaye mume wake alihamishwa kutoka Dodoma. Alinijua kwa sababu nilimshonea mapazia, akaniambia, "Mama Anjela, una mkono. Ingia kwenye kikundi chetu."

Nikaingia. Na zamu yangu ilipokaribia, mwanangu, nilipagawa. Sikuwa na makochi ya ngozi, wala kabati la vioo. Nilichokuwa nacho ni jicho langu, na nikaamua siku hiyo lionekane lote. Nilitaka waondoke kwangu wasizungumze kitu kingine mwezi mzima.

Ikatokea kwamba Mama alipata habari ya msiba huko Dongobesh. Akafunga mzigo wake, akasema atakaa wiki mbili. Nilimsindikiza stendi, nikampungia mkono, na kabla basi halijapotea nilikuwa njiani kwenda kununua rangi.

Ukuta wa sebule nikaupaka rangi ya chungwa lililoiva. Makochi nikayatoa nje, nikatandika mikeka sakafuni ili tule tumekaa chini, tumezunguka vyungu. Mapazia nikayashona kwa vipande vya khanga ishirini na kitu, hakuna kilichofanana na kingine. Kitambaa cha gauni langu nilikipata kwa Mama Salimu, mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, ambaye alikuwa ameniwekea kitenge cha kijani na waridi kilichomkalia muda mrefu. "Hiki," aliniambia huku akicheka, "kilikuwa kinakusubiri wewe tu. Wengine wote wanakikimbia." Vibuyu vya maziwa vya Mama nikavitoa jikoni, nikavijaza maua ya porini.

Mpaka hapo sijutii kitu. Nakuambia kweli, sebule ile ilikuwa nzuri.

Ila nilihitaji mito ya kukalia, na nilitaka iwe ya namna ambayo hakuna mke wa ofisa aliyewahi kuiona. Nikakumbuka sanduku la mbao lililokuwa chini ya kitanda cha Mama. Niliwahi kuliona limefunguliwa siku moja alipokuwa akianika vitu vyake juani. Ndani yake kulikuwa na sketi ya ngozi laini, ya zamani, imeshonewa shanga kuanzia kiunoni hadi chini: nyeupe, nyekundu, njano, na katikati bluu nyingi kupita kiasi, kana kwamba mtu aliimwaga bila kujizuia. Sikuwahi kumwona akiivaa. Nikajiambia imelala tu humo, ngozi itakauka na kupasuka, heri ikae mahali watu wataifurahia. Nikajiambia mengi. Lakini jambo moja sikujiuliza, na ndilo ambalo nimejiuliza miaka yote baadaye: kama niliamini kweli si kosa, kwa nini nilingoja asafiri?

Nikaikata vipande vinne. Nikatengeneza mito minne, shanga juu, kitambaa cheusi chini.

Siku ya wageni ilifika, na ikawa kama nilivyoota. Walipoingia walisimama mlangoni, kisha wote wakaanza kusema kwa pamoja. Walivua viatu, wakakaa chini, wakacheka kama wasichana. Waliokuwa wamevaa sketi za kubana walihangaika kidogo, nikawapa khanga wajifunge. Nilipakua samaki wa ziwani kwa nazi, makande, na maziwa mgando. Mama Grace aliupapasa ule mto wa shanga, hakuuachia. "Mama Anjela, hiki kitu umekitoa wapi? Mbona hata Dar sijaona?" Nami, kwa kulewa sifa, nikamwambia, "Huo chukua, zawadi yako." Alinikumbatia mbele ya wote. Alfajiri iliyofuata, nilikuja kujua baadaye, alimpa mtu aliyekuwa anasafiri aupeleke kwa dada yake Dodoma, naye aone vitu vya Manyara.

Lakini kabla wageni hawajaondoka, tulisikia hodi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake, kuku mmoja amefungwa miguu mkononi. Msiba ulikwisha mapema, akapata lifti.

Wageni wote waliinuka. "Shikamoo mama!"

"Marahaba. Marahaba wanangu." Aliangalia ukuta. Aliangalia mapazia. Akaangalia vibuyu, na nikaona mdomo unamcheza. "Kibuyu cha maziwa kina maua," akasema, na wageni wakacheka, naye akacheka nao kidogo. Moyo wangu ukaanza kutulia.

Kisha Mama Grace, kwa heshima, akamsogezea mto mwingine ili akae. Mama aliinama kuupokea. Alipoushika, vidole vyake vilijua kabla ya macho. Alivipitisha juu ya zile shanga za bluu, polepole, mstari kwa mstari, mpaka pale mshono wangu ulipozikata katikati. Hapo vikasimama.

"Mzuri, eti mama?" Mama Grace akamwambia. "Mkwe wako ametushonea. Ana akili ya ajabu huyu."

Mama aliinua macho, akanitazama mara moja tu. Mwanangu, heri angenipiga.

"Ni mzuri," akasema. "Karibuni. Kuleni, chakula kisipoe."

Akaketi nao. Alikula samaki, akaulizia watoto wa kila mmoja na wanatoka wapi. Hakuukalia ule mto. Aliuweka mapajani muda wote, kama mtu aliyempakata mtoto mgonjwa. Hakuna mgeni hata mmoja aliyejua kuna kitu kimetokea ndani ya nyumba ile, na mpaka leo naona kwamba mkaribishaji wa kweli siku hiyo hakuwa mimi.

Walipoondoka nilimkuta uani anachambua maharage. Nilipiga magoti nikaanza kusema, mama nisamehe, nilidhani huihitaji, nilidhani imezeeka. Alichambua maharage yote, akayapeta, akaingia ndani. Paulo alirudi kutoka shule, akaona mito, akaelewa bila kuambiwa. Alisema neno moja tu: "Hapana." Kisha akatoka, akakaa nje mpaka giza.

Asubuhi Mama aliniita. Alikuwa ameweka mito mitatu kitandani kwake.

"Kaa," akasema. "Unajua nani alishona hii?"

"Nadhani mama yako, Mama."

"Mimi. Nilikuwa msichana, tulikuwa wasichana saba tumewekwa pamoja tunafundwa kabla ya kuolewa. Kila mmoja anashona sketi yake. Shanga ngumu kupata siku hizo. Wenzangu wote walishona kama mama zao walivyoshona, nyeupe na nyekundu, bluu kidogo tu pembeni. Mimi nilipenda bluu. Nikabadilishana na wenzangu, nikatoa nyekundu zangu zote, nikapewa bluu. Mama zao wakasema, huyu msichana ana kiburi, nani atamuoa? Bibi yangu akasema mwacheni, macho ni yake." Akaugusa mto mmoja. "Siku ya harusi, mume wangu aliniambia aliniona kutoka mbali, kilima kingine kabisa. Alijua ni mimi kwa sababu ya bluu."

Nililia. Yeye hakulia.

"Wewe unafikiri ni wa kwanza kupenda rangi katika nyumba hii," akasema. "Mimi siku ulipoingia na lile gauni lako la vipande nilifurahi, nikajisemea, Paulo ameleta mtu. Ukuta wako ni mzuri. Mapazia mazuri. Maua kwenye kibuyu, sawa, nitapata kibuyu kingine. Lakini hii sketi ungeniuliza. Ungeniuliza tu, mwanangu. Ningekusimulia, halafu ningekuambia itundike ukutani hapo watu waione. Mimi mwenyewe nilikuwa nataka kuonekana. Sasa umewaonyesha watu shanga, mimi hukunionyesha."

Maneno hayo ndiyo yaliyonichoma zaidi ya yote.

Nikamwambia nitairudisha kama ilivyokuwa. Akatikisa kichwa. "Kama ilivyokuwa huwezi. Lakini tafuta kile kipande cha nne."

Nilikwenda kwa miguu mpaka kwa Mama Grace. Njiani nilitunga uongo wa kila aina: kwamba mto ulikuwa na kasoro, kwamba ninataka kuutengeneza upya. Kuomba zawadi uliyoitoa mbele za watu si jambo dogo, na mimi sifa zile za jana yake zilikuwa bado zinaninukia mwilini kama manukato. Nilipofika mlangoni uongo wote ukanikimbia. Nikamweleza ukweli wote, mpaka mkasi, mpaka kungoja Mama asafiri.

Mama Grace alikaa chini. "Na mimi nikamsogezea mzee wa watu aukalie," akasema taratibu. "Halafu nikamuuliza kama ni mzuri." Akajifunika uso. Kisha akaniambia mto umekwisha kwenda Dodoma. Akapiga simu siku hiyo hiyo, akapiga tena na tena. Na Jumapili, bila kualikwa, alikuja Nangara na kilo ya sukari mkononi, akapiga magoti mbele ya Mama. Walizungumza muda mrefu mlango umefungwa. Sikuwahi kuambiwa walichosema.

Kipande kilirudi baada ya wiki sita. Mtu fulani alikuwa amekifua kwa sabuni. Ngozi ilikuwa imekakamaa, na mistari mitano ya shanga ilikuwa imekatika na kupotea.

Tukaanza kazi. Kila mchana baada ya kazi za nyumbani tulikaa pamoja, Mama na mimi, binti yangu Anjela, bado mdogo, akituchezea miguuni. Mama alinifundisha kulainisha ngozi kwa mafuta, kuikunja na kuikunjua mpaka ikubali. Alinifundisha kuzishika shanga kwa sindano bila kuhesabu kwa sauti. Mimi niliyejiona fundi nilikuwa nafumua nilichoshona jana yake. Mara nyingine alicheka. Mara nyingine alinyamaza mchana kutwa, nikajua leo inamuuma, nikanyamaza na mimi.

Shanga zilizopotea nilizitafuta mji mzima. Mama Salimu alipekua maboksi yake yote, akaagiza mpaka Tanga kwa ndugu zake. Bluu ile haikupatikana. Akanipa alizokuwa nazo, za rangi ya chungwa. Nilizipeleka nyumbani nikiwa na hofu, nikamwambia Mama tusubiri. Akazimwaga kiganjani, akaziangalia, akaangalia ukuta wangu.

"Weka," akasema. "Hapo katikati ya bluu. Watu wakiuliza, tutawaambia."

Ilituchukua miezi minne. Makovu ya mkasi yanaonekana mpaka leo ukiangalia kwa karibu.

Na sasa nikwambie jambo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka uliofuata, parokia ilikuwa na sherehe ya Kipaimara. Asubuhi hiyo tulikuwa tunamsubiri Mama sebuleni tuondoke. Mlango wa chumba chake ukafunguka, akatoka. Alikuwa amevaa gauni jeupe refu, na juu yake ameifunga ile sketi. Miaka mingapi tangu aivae, sijui. Umri wake ulikuwa umepita sabini. Paulo alisimama, akamfungulia mlango.

"Twende," akasema Mama. "Tutachelewa misa."

Tulipita sokoni kwa miguu kwa sababu alikataa gari. Shanga zilikuwa zinagongana kila hatua, sauti ndogo kama mvua inayoanza. Wauza nyanya walisimama. Vijana wa stendi waliacha kupiga debe. Mzee mmoja wa Kiiraqw aliyekuwa amekaa nje ya duka la mbegu alivua kofia, akamsalimia kwa lugha yao, na Mama akamjibu bila kupunguza mwendo. Mama Salimu alitoka dukani kwake, akaweka mkono kifuani, akasema, "Mashallah, Mama Paulo! Leo umetufunika sote." Na Mama, yule mwanamke mkimya, akageuka mara moja pale katikati ya barabara ili aonekane vizuri nyuma na mbele.

Basi, mwanangu, hilo ndilo jibu langu, na sasa nitalisema wazi usije ukaondoka na chai tu.

Paka ukuta wako zambarau. Ukipenda paka na dari. Vaa nguo zako, na wakikucheka cheka nao, kisha wakaribishe, wapikie, wakalishe mahali pazuri. Nyumba yako na mwili wako ni mahali ambapo Mungu amekupa ruhusa ya kusema bila kufungua mdomo. Usikae kimya kwa kuogopa jirani. Lakini ukitaka kitu cha mtu, hata kiwe kimelala sandukuni miaka arobaini, muulize mwenyewe angali yupo na macho yake yanaona. Kaa naye akusimulie. Akikataa, kubali. Akikubali, lete jina lake pamoja na kitu chake, na mgeni akisifu, mtaje. Kama unaona huna ujasiri wa kuomba, jua hapo kuna tatizo, rudisha mkono. Na ikitokea umekosea, kama nilivyokosea mimi, usitume mtu akuombee msamaha. Nenda kwa miguu yako, sema yote, halafu kaa chini ushone mpaka mwenyewe aseme inatosha.

Tena angalia wazee wako vizuri. Huyo unayemwona amenyamaza kwenye kona, na khanga iliyofifia, uliza alikuwa anapenda nini alipokuwa na umri wako. Utashangaa.

Mungu akubariki, mwanangu, na chumba chako cha Singe kisikose watu wala kicheko. Mikono yako ipate kazi inayoipenda, macho yako yasichoke kuona uzuri, na siku utakayozeeka awepo kijana wa kukuuliza ulipenda rangi gani. Amina.